Chungu na Kuni

Wageni waliupenda wimbo wa mpishi kwa sababu hawakujua maana yake. Walidhani mama yule aliyekaa mbele kabisa ya mtumbwi, kitambaa kichwani na kafi magotini, anaimba habari za jikoni tu. Na kweli maneno yalikuwa ya jikoni. Lakini akiimba "chungu", mumewe, aliyekaa nyuma kabisa akiongoza, aliupeleka mtumbwi kushoto. Akiimba "kuni", aliupeleka kulia. Akiimba "funika", alilizamisha kafi lake na kuuzuia mtumbwi mpaka maji yakatoa povu. Katikati yao wageni walipiga makafi kivivu, wakatazama nyani juu ya miti, wakapigana picha. Hakuna aliyejua kwamba macho ya safari yake yamekaa mbele na mikono imekaa nyuma.

Mke na mume walikuwa wameifanya kazi hiyo hivyo kwa mwaka mmoja na miezi minne.

Pale kambini waliitwa Baba Nesi na Mama Nesi, ingawa binti yao alikuwa bado hajawa nesi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni, na ada ilitoka kwenye mshahara wa baba. Baba Nesi mwenyewe ndiye aliyeanza kulitumia jina hilo mapema, kama mtu anayeshona suti kabla hajaalikwa harusini.

Ugonjwa wake ulikuwa presha ya macho. Daktari wa mjini alimwambia kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitalindwa kwa matone ya dawa asubuhi na jioni. Kilichobaki kilikuwa kama tundu la bomba. Uso wa mtu aliyesimama mbele yake aliuona vizuri. Barua alisoma. Sindano alitunga uzi, tena mbele za watu, akajisifu. Lakini ukimsogezea kikombe ubavuni, kwake hakipo. Na mtumbwi ulipoingia kwenye kivuli kizito cha msitu, hata lile tundu lilijaa ukungu.

"Mwaka mmoja tu, Mama Nesi," alikuwa akisema. "Mtoto akimaliza, namkabidhi meneja kafi lake kwa mikono yangu. Naaga kwa heshima zangu. Sitaki kutolewa kama kuku aliyeingia sebuleni."

"Na mto ukikataa kuusubiri huo mwaka?"

"Mto upi? Huu? Huu nimeulea mimi."

Mkewe alicheka, maana lilikuwa jambo la kuchekesha, na pia kwa sababu alikuwa ameshakubali. Mwaka uliopita kampuni ilileta nesi wa kuwapima wafanyakazi wote. Nesi alimketisha Baba Nesi kwenye kiti, akamwambia atazame ukutani, kisha akanyoosha vidole pembeni ya uso wake. "Vingapi hivi?" Mama Nesi alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akakohoa mara tatu. "Vitatu," alisema Baba Nesi bila wasiwasi. Nesi akabadilisha upande. Mama Nesi akakohoa mara mbili. Zoezi lilipokwisha, nesi alitia tiki kwenye karatasi ya mzee, akamgeukia mpishi kwa huruma: "Mama, hicho kifua kitazame mapema."

Walicheka wiki nzima. Ikawa mmoja wao akikohoa chumbani, hata kikohozi cha kweli, mwenzake hujibu, "Kimoja!"

*

Akaja mgeni mmoja ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Masikio siku aliyofika. Alikuja na masanduku matatu ya vyombo, na fimbo ndefu yenye kinasa sauti kilichovishwa manyoya, kinachofanana na paka aliyelowa. Hakutaka picha. Alitaka sauti: ndege, vyura, maji yanavyopita chini ya mizizi. Alikuwa mtu mpole, mwenye shukrani kwa kila kitu. Alishukuru kwa chai, alishukuru kwa taulo, alimshukuru hata Mnene, mwongozaji wa mtumbwi wa pili, kwa kumwonyesha choo kilipo.

Walitoka asubuhi ya siku ya pili, mtumbwi mmoja: Bwana Masikio, mke wake, rafiki zao wawili, na Mama Nesi mbele, Baba Nesi nyuma. Mvua kubwa zilikuwa zimepita wiki ile. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na kingo zilikuwa zimemeguka huku na huku. Mama Nesi aliimba tangu gatini. Chungu, kuni, chungu, kuni. Aliimba kwa utulivu, akatunga vitunguu na chumvi mahali ambapo mto ulikuwa umenyooka, kwa kuwa mtu huwezi kuimba kushoto na kulia peke yake kutwa nzima.

Saa nne walifika mahali ambapo miti ya ng'ambo zote mbili inashikana juu na mto kuwa kama ushoroba wa nyumba. Bwana Masikio alivaa visikizio vyake. Akamgeukia Mama Nesi, akaweka mkono kifuani kuonyesha heshima, kisha akaweka kidole mdomoni.

Mama Nesi akanyamaza. Akageuza shingo kumtazama mumewe. Mumewe alikuwa ametazama mbele, ametabasamu lile tabasamu lake la kazini.

Mama Nesi akafikiri: pale pamenyooka, hakuna neno. Mto huu ameulea yeye. Akagonga ubavu wa mtumbwi kwa ukucha, polepole, mara moja, ili mwenzake ajue yupo. Mke wa Bwana Masikio akamshika bega kwa upole na kutikisa kichwa. Hata ukucha ulikuwa kelele.

Basi wakaenda hivyo, kimya. Ndege walilia. Mtu aliyezoea kuimba akinyamazishwa husikia moyo wake mwenyewe, na Mama Nesi aliusikia. Halafu akaliona gogo.

Lilikuwa limeangukia kutoka ukingo wa kulia, mti mzima na matawi yake, umelala inchi chache tu chini ya maji hadi katikati ya mto. Kushoto ilibaki nafasi ya mtumbwi mmoja. Yeyote mwenye macho angeliona kwa jinsi maji yalivyovimba juu yake. Mama Nesi alinyoosha mkono wa kushoto na kuupunga. Nyuma, mtumbwi haukugeuka. Kivuli kilikuwa kizito. Akageuka, akafungua kinywa: "Chu—"

Bwana Masikio akainua kidole, huku akitabasamu.

Na Mama Nesi, Mungu amsamehe, akatii. Alikuwa amefanya kazi za wageni miaka kumi na tisa. Mgeni akisema chumvi imezidi, imezidi. Mgeni akisema nyamaza, unanyamaza. Akafunga kinywa kwa muda wa kupiga kafi mara tatu, na katika mapigo hayo matatu mtumbwi ulienda moja kwa moja kwenye matawi.

Kisha akapiga ukelele.

"Kushoto! Huoni, Baba Nesi, huoni! Kushoto, mume wangu, utawaua watu!"

Alitupa kafi, akainama nje, akalisukuma gogo kwa mkono wake mwenyewe. Mtumbwi uliinuka ubavu mmoja, wageni wakapiga kelele, sanduku moja la vyombo likaingia majini, kisha mtumbwi ukateleza kushoto na kupita. Mkono wa Mama Nesi ulikuwa kati ya ubao na mti wakati huo. Hakuhisi maumivu. Alihisi baridi tu, na alipoutazama, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeelekea upande ambao vidole havielekei.

*

Baba Nesi ndiye aliyeufunga ule mkono, kwenye mchanga, huku wageni wamewazunguka. Aliufunga vizuri kuliko mwenye macho, akipapasa kila kiungo kwa ncha za vidole vyake. Bwana Masikio alikuwa akilia. Alisema maneno mengi kwa lugha yake, na yaliyoeleweka ni "mama" na "samahani" na "maisha". Alidhani wimbo ule ulikuwa dua ya kuwalinda, na yeye ndiye aliyeikata.

"Umesema kwa sauti," Baba Nesi alimwambia mkewe, kichwa chini.

"Hawajui Kiswahili hawa."

"Mimi najua."

Akakaza fundo. Mama Nesi aliuma meno. Kisha mumewe akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Jioni utasema ulijibana na sufuria kubwa."

"Sufuria gani inavunja vidole viwili?"

"Ile ya wali. Ile ni uzito wa ng'ombe."

Wakacheka kidogo, vichwa vikiwa karibu karibu. Kwa siku kumi na mbili baada ya hapo mambo yalikwenda sawa. Sufuria ilibeba lawama, na Bwana Masikio, aliyejiona ndiye mkosaji, aliondoka bila kulitaja gogo. Mnene aliitengenezea bango la makaratasi, akaliandika ONYO: INAUMA.

*

Siku ya kumi na tatu meneja aliwaita wote kwenye banda la kulia chakula. Alikuwa ameshika simu yake, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu mwenye zawadi. Meneja huyu alikuwa kijana wa palepale. Baba Nesi ndiye aliyemfundisha kuogelea, akimshika tumbo kwa kiganja, miaka ishirini iliyopita. Mpaka leo alimwita "Mzee wangu" na kumpisha mlangoni.

"Yule Bwana Masikio ametuletea sauti alizonasa," alisema. "Anasema tumsikilizishe Mama Nesi. Anasema dunia nzima hajasikia sauti kama hiyo."

Akaiunganisha simu na spika ya muziki. Banda zima likawa mto. Kulikuwa na matone, kulikuwa na ndege, kulikuwa na makafi yakiingia na kutoka. Kisha sauti ya Mama Nesi, nzuri kuliko alivyowahi kuisikia mwenyewe: chungu, kuni, chungu. Wafanyakazi wakashangilia. Mnene akamtania, "Mama, kumbe wewe ni msanii, na sisi tunakuomba ukoko!" Yeye aliona haya, akajifunika uso kwa ule mkono wenye bandeji. Alikuwa amesahau. Kwa dakika mbili nzima alikuwa amesahau kabisa kinachofuata.

Wimbo ukakatika. Ndege wakalia. Ukucha ukagonga ubao mara moja.

Mama Nesi akashusha mkono. "Meneja, zima," alisema.

"Acha, mama, usione haya."

"Zima, mwanangu."

*Kushoto! Huoni, Baba Nesi, huoni! Kushoto, mume wangu, utawaua watu!*

Spika ilikuwa nzuri. Ilikuwa imenunuliwa kwa ajili ya harusi za wageni.

Meneja alizima. Baba Nesi alikuwa amekaa kwenye benchi, mgongo umenyooka, akimtazama meneja usoni moja kwa moja, kwa sababu uso huo ulikuwa mbele yake na aliuona.

"Mzee wangu," meneja alisema. "Alikuwa anasema nini Mama Nesi?"

"Wanawake wakiogopa husema mengi."

"Unaona, Mzee?"

"Nakuona wewe. Umenyoa vibaya, hapo chini ya kidevu."

Watu walicheka, wakashukuru kupata nafasi ya kucheka. Hata meneja alijishika kidevu. Lakini hakukaa. Alizunguka benchi, akasimama ubavuni mwa mzee, akatoa kitu mfukoni na kukitikisa.

"Nimeshika nini?"

"Funguo," alisema Baba Nesi, na kicheko kikazidi. "Unataka niseme na za mlango gani?"

Meneja hakucheka tena. Alizirudisha funguo mfukoni. Lilikuwa jambo zito kumfanyia mtu aliyekushika tumbo majini. Akainua mkono wake mtupu pembeni ya uso wa mzee, akanyoosha vidole vinne. Vidole havina sauti.

"Vingapi, Mzee wangu? Usigeuze shingo. Niambie tu vingapi, kesho uende zako na ile familia ya wageni, na mimi nitakuomba radhi mbele ya watu hawa."

Baba Nesi akatazama mbele, akasubiri.

Banda zima lilidhani anafikiri. Ni mtu mmoja tu aliyejua anasubiri nini. Mama Nesi alikuwa amesimama kando ya meza ya vyakula, hatua sita kutoka kwake. Aliviona vile vidole vinne. Kikohozi kilikuwa kimeshampanda kooni, kilikuwa kimekaa tayari, mara nne, kitu chepesi kuliko kupuliza moto. Familia ya kesho. Asubuhi ile, yeye mwenyewe alikuwa ameyaanika majaketi yao ya kuokolea maisha kwenye kamba nje ya banda, na mahali aliposimama aliyaona yakipepea: mawili ya watu wazima, na mawili madogo ya rangi ya chungwa, ambayo ukiyashika unashangaa kwamba binadamu anaweza kuenea ndani yake.

Akameza mate. Kikohozi kikashuka nacho.

Baba Nesi alisubiri tena. Kichwa chake kiliinama kidogo upande wa meza ya vyakula, kama mtu anayesogezea redio sikio. Hapakuwa na kitu. Basi ule uso, uliokuwa na tabasamu la kazini, ukaliacha tabasamu lile taratibu, na akaonekana mzee kweli.

"Vitatu," alisema.

Meneja akakunja vidole vyake vinne, akakaa kwenye benchi kando yake, na akawa wa kwanza kulia.

*

Hawakufukuzwa. Hilo meneja alilisema mara nyingi, hadi likawa kama tusi. Chumba chao wangebaki nacho. Mama Nesi angebaki na jiko lake na nafasi yake mbele ya mtumbwi. Baba Nesi angepewa kazi ya gatini: kushika kamba mitumbwi inapotoka na inapoingia. Mtumbwi wake alipewa Mnene.

Binti aliambiwa kwa simu. Alikuwa amejua habari za macho tangu mwanzo, kwa sababu yeye ndiye aliyewaeleza dawa inavyotiwa. Habari za ada walizizungumza kwa maneno machache. Kisha akasema, "Umefanya vizuri, mama." Mama Nesi alikata simu, akakaa kitandani, akalia. Angependa mtoto amgombeze.

Mumewe hakumgombeza pia. Hakumpiga, hakususa chakula, hakuhamisha mto wa kulalia. Aliacha tu kusema naye. Aliwasalimia majirani, alitaniana na Mnene kuhusu uzito wake na mtumbwi. Akiingia chumbani, maneno yalibaki nje na viatu. Jioni alikaa kwenye kiti, akaegemeza kichwa nyuma, na mkewe akamtia matone, moja kulia, moja kushoto, kama kawaida. Siku ya tano Mama Nesi alijaribu kuongea naye, macho ya mumewe yakiwa yamefumbwa.

"Walikuwa watoto wawili, Baba Nesi."

Mkewe akafunga kichupa cha dawa.

"Ningekohoa, halafu? Ningekaa mbele siku zote, siku moja nife mimi, wewe ungeongozwa na nani?"

Tone moja lilikuwa likimteremka mumewe shavuni. Halikuwa la machozi, lilikuwa dawa. Alilifuta. Mama Nesi alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kweli. Akangoja ile "kimoja". Haikuja.

*

Wiki ya nne wageni wapya walikuja na ombi. Bwana Masikio alikuwa ameziweka sauti zake mtandaoni, pamoja na sifa za mpishi aimbaye. Wageni walitaka wimbo.

"Mimi siimbi tena," Mama Nesi alimwambia meneja.

"Mama, wameomba. Wengine wamekuja kwa ajili ya huo."

"Mwambie Mnene awaimbie."

"Mnene akiimba mamba watahama." Kisha akashusha sauti. "Nimeshaandika kwenye ratiba, mama yangu. Mwanzo wa safari, gatini. Beti mbili tu."

Gatini. Pale pale ambapo mzee ameshika kamba.

Asubuhi ilikuwa na jua. Wageni watano waliingia mtumbwini, Mnene akakaa nyuma na mtumbwi ukadidimia, wageni wakacheka. Mama Nesi akakaa mbele. Hakugeuka, lakini alijua mumewe yuko wapi: kamba ilikuwa imekazwa sawasawa, kama afanyavyo mtu anayeijua. Kisha ikalegea. Mtumbwi ukaachiwa.

"Haya, mama!" meneja aliita kutoka juu ya ngazi, na wageni wakainua simu zao.

Kutoka gatini, mtumbwi hupelekwa kushoto mara moja. Kulia kuna fungu la mchanga, na baada ya fungu, mkondo mkali. Kila mtu pale anajua. Mnene alijua, na macho yake yalikuwa mazima, na mtumbwi ulikuwa tayari umeanza kugeukia kushoto. Wimbo haukuwa na kazi. Mama Nesi aliufikiria kwa muda wa pumzi moja. Neno lile la kushoto, chungu, alimtungia mtu mmoja. Hakuweza kumpa Mnene. Basi akafungua kinywa, akaanza na lile jingine.

"Kuni," aliimba. "Kuni, kuni, leteni kuni..."

Nyuma yake akasikia miguu ikikimbia juu ya mbao za gati.

"Chungu!"

Ilikuwa sauti iliyokuwa haijamsemesha kwa wiki tatu. Akageuka. Mumewe alikuwa amefika mwisho kabisa wa gati, vidole vya miguu viko hewani juu ya maji, kamba tupu mkononi, ametazama mahali ambapo mtumbwi haupo.

"Chungu, mke wangu! Unawapeleka mchangani! Imba chungu! Mke wangu, chungu!"

Na mwili wake wote ulikuwa umelala kushoto, bega, kiuno, mikono miwili imelishika kafi ambalo halipo, akivuta.

Wageni wakapiga makofi kwa furaha. Waliona ndivyo wimbo ulivyo, mmoja anaita na mwingine anaitikia. Mmoja wao alimpungia mzee mkono, na mzee hakumpungia.

"Mama," Mnene alisema polepole kutoka nyuma, "muimbie."

Mama Nesi akafungua kinywa. "Chungu," aliimba, "chungu, baba, chungu," na kule gatini mabega yale yakashuka, mikono ikaacha kuvuta, na yule mzee akajinyoosha, akiwa ameshawafikisha salama. Kisha akaanza kuikunja kamba, akiipapasa, mzunguko baada ya mzunguko, uso ameuelekeza kwenye wimbo mpaka mtumbwi ulipopita kona.